KAZI HIZI MWANAO ASIZIFANYE KABLA YA KUTIMIZA MIAKA 18

Leo safu yetu ya afya haitazungumzia presha wala kisukari. Tutazungumza juu ya vijana wetu walio chini ya miaka 18 wanaofanya kazi hapa Marekani, na hasa zile kazi ambazo sheria imewakataza kabisa.

Huenda unajiuliza, nesi anaingiaje kwenye mambo ya sheria za kazi? Jibu ni rahisi. Sheria hizi zimewekwa kwa ajili ya vidole, macho, migongo na mapafu ya watoto. Sisi wauguzi ndio tunaompokea kijana pale sheria ilipovunjwa. Mimi nilisomea uuguzi nyumbani Afrika Mashariki, kisha nikasoma tena hapa, na nakuhakikishia kuwa kidole kilichokatwa na mashine ni kilekile, kiwe cha Morogoro au cha Ohio. Basi tujifunze kabla hayajatokea.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wengi wetu tulianza maisha huku kwa kubeba maboksi. Wengine bado tunabeba. Familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Tanzania zilipofika zilipelekwa kwenye miji yenye viwanda vya nyama na kuku, maghala makubwa na nyumba za kutunzia wazee. Kodi ya nyumba haisubiri, bili ya umeme haisubiri, na nyumbani wanategemea tutume chochote. Kijana wa miaka 16 akisema "mama, nimepata kazi", nyumba nzima inafurahi. Simlaumu mzazi anayefurahi. Lakini kabla hujafurahi, uliza swali moja: ni kazi gani hasa?

Msidhani mambo haya ni ya zamani. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni moja ya kusafisha viwanda vya nyama iliajiri watoto 102 wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Walikuwa katika viwanda 13 kwenye majimbo 8, wakifanya kazi usiku. Walisafisha misumeno ya kukatia nyama na mashine za kupasulia vichwa vya ng'ombe, wakitumia dawa kali. Baadhi yao waliungua. Kampuni ililipa faini ya dola milioni 1.5, yaani dola 15,138 kwa kila mtoto. Mwezi Julai mwaka huohuo, kijana wa miaka 16 alikufa akisafisha mashine katika kiwanda cha kuku huko Mississippi. Wiki mbili tu kabla yake, kijana mwingine wa miaka 16 alikuwa ameumizwa na mashine katika kiwanda cha mbao huko Wisconsin, naye akafa. Katika mwaka wa serikali wa 2023 wakaguzi walikuta watoto zaidi ya 5,700 wameajiriwa kinyume cha sheria.

SHERIA INASEMAJE

Sheria kuu ya shirikisho ni ya mwaka 1938. Ndiyo hiyohiyo iliyoweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya overtaimu. Kwa kazi zisizo za shambani, igawanye hivi kichwani mwako:

1. Chini ya miaka 14. Kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa. Yako machache yanayokubalika, kama kugawa magazeti, kuigiza kwenye filamu, au kulea mtoto wa jirani mara mojamoja.

2. Miaka 14 na 15. Anaruhusiwa kazi nyepesi tu, na nje ya saa za shule. Siku ya shule asizidi saa 3, na wiki ya shule asizidi saa 18. Siku isiyo ya shule asizidi saa 8, na wiki ya likizo asizidi saa 40. Afanye kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi Siku ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba anaweza kufika saa 3 usiku. Haruhusiwi kiwandani, kwenye maghala, kupanda ngazi kufanya kazi, kuoka, kupakia au kupakua mizigo kwenye malori, wala kufanya kazi ndani ya friza kubwa za nyama.

3. Miaka 16 na 17. Sheria ya shirikisho haimwekei kikomo cha saa, ingawa majimbo mengi yanaweka. Lakini kazi zilizotangazwa kuwa za hatari zimefungwa kwake mpaka atimize miaka 18.

4. Miaka 18 na kuendelea. Katazo la umri la sheria hii linaisha. Hatari yenyewe haiishi, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kila jimbo nalo lina sheria yake. Majimbo mengine yanadai kijana apate cheti cha kuruhusiwa kufanya kazi kupitia shule yake, mengine hayadai. Mwaka 2023 Arkansas iliondoa cheti hicho kwa walio chini ya miaka 16, na Iowa ililegeza masharti yake kadhaa. Hapo watu wengi walichanganyikiwa wakadhani sasa ni ruksa. Kumbuka kanuni hii: sheria ya jimbo na ya shirikisho zikitofautiana, inayoshika ni ile inayomlinda kijana zaidi.

KAZI ZILIZOPIGWA MARUFUKU CHINI YA MIAKA 18

Wizara ya Kazi ina orodha ya makundi 17. Sitayataja yote. Nataja yale ambayo watu wetu wanakutana nayo zaidi:

- Viwanda vya nyama na kuku. Karibu kazi zote za kuchinja, kukata na kufungasha, pamoja na kusafisha mashine zake.
- Mashine ya kukatia nyama, popote ilipo, hata kwenye mgahawa au duka dogo. Hata kama inakata jibini au mboga. Na si kuitumia tu. Hata kuosha vipande vyake kwa mkono vikiwa vimefunguliwa hairuhusiwi.
- Mashine kubwa za kukandia unga kwenye maduka ya mikate.
- Mashine za kushindilia maboksi na takataka. Wenye miaka 16 na 17 wanaweza kupakia baadhi ya mashine za karatasi na maboksi kwa masharti maalumu, lakini si kuiwasha wala kuitoa mzigo.
- Fokolifti, kreni na mashine nyingine za kunyanyulia mizigo.
- Misumeno ya umeme, chenso, mashine za kupasulia mbao na za kukatia chuma.
- Kuezeka na kazi zote za juu ya paa, hata kusafisha mifereji ya mvua au kufunga dishi la televisheni.
- Kubomoa majengo.
- Kuchimba mitaro, na kufanya kazi ndani ya mtaro wenye kina cha zaidi ya futi 4.
- Kazi za migodini, baruti, na mionzi.
- Kuendesha gari kama sehemu ya kazi.

Iko nafuu kidogo kwa wanafunzi wa ufundi walio kwenye mafunzo yaliyosajiliwa, katika baadhi tu ya makundi hayo. Bosi akikuambia "huyu ni mwanafunzi wangu wa ufundi", mwombe aonyeshe maandishi ya mpango huo kutoka shuleni.

HAPA NDIPO WENGI WETU TUNATELEZA

Mgahawa au duka la familia. Tunasema, "ni mwanangu, ni duka langu, nani ataniuliza?" Ni kweli, mtoto aliyeajiriwa na wazazi wake tu analegezewa masharti ya umri na saa. Lakini kazi za hatari hazilegezwi, wala za kiwandani na migodini. Mwanao wa miaka 15 anaweza kukusaidia kupokea wateja na kufuta meza. Mashine ya kukatia nyama ya mbuzi asiiguse, hata kama mashine ni yako na mtoto ni wako. Na angalia vizuri: mpwa, binamu, au mtoto wa rafiki anayelala kwako hahesabiwi kuwa mwanao, isipokuwa kama kweli unasimama badala ya mzazi wake.

Nyumba za wazee. Mabinti zetu wengi, na hata wavulana, wanafuata nyayo za mama zao kwenye kazi ya kutunza wazee. Ni kazi ya heshima. Lakini mashine ya kunyanyulia mgonjwa kutoka kitandani imo kwenye orodha ya vifaa vya kunyanyulia. Kwa mwongozo wa wizara wa mwaka 2011, kijana wa miaka 16 au 17 aliyepata mafunzo anaweza kumsaidia mtu mzima aliyefunzwa. Hawezi kuitumia peke yake. Zamu ikiwa na upungufu wa watu, kijana huambiwa "wewe mnyanyue tu, unajua". Hapo mgongo wake uko hatarini, na mgonjwa naye anaweza kuanguka. Akikataa ana haki kamili.

Kuendesha gari. Leseni ya kuendesha si ruhusa ya kuendesha kikazi. Mwenye miaka 16 haruhusiwi kabisa kuendesha barabarani kwa kazi. Mwenye miaka 17 anaruhusiwa kidogo tu, mchana, kwa gari dogo, na si kwa kazi za haraka kama kupeleka piza. Wenye biashara za kusafisha maofisi na kupeleka vyakula, hili linawahusu.

Usafi wa usiku. Kazi ya usafi inasikika nyepesi. Usafi wa ofisi si sawa na usafi wa kiwanda. Mwanao akisema anafanya "klining" usiku, muulize anasafisha nini, kwa dawa gani, na mashine zikiwa zimezimwa au zinazunguka.

Shambani. Hapa sheria ni tofauti, na kwa maoni yangu ni dhaifu. Kazi za hatari za shambani zinakatazwa chini ya miaka 16 tu, si 18. Mtoto wa miaka 12 anaweza kulima nje ya saa za shule kwa ridhaa ya mzazi. Chini ya miaka 16 hairuhusiwi kuendesha trekta kubwa, kuingia kwenye maghala marefu ya nafaka, kupanda ngazi ya zaidi ya futi 20, wala kushika viuatilifu vikali. Kanuni za mazingira zilizorekebishwa mwaka 2015 zinadai anayechanganya au kupulizia viuatilifu mashambani awe na miaka 18, isipokuwa kwenye shamba la familia yake. Tumbaku haimo kwenye orodha ya shirikisho. Kwa hiyo wenzetu wa Kentucky na North Carolina wajue hili: nikotini ya majani mabichi yaliyolowa inapita kwenye ngozi. Kijana anapata kizunguzungu, kichwa kinauma, anatapika. Si malaria wala uvivu, ni sumu. Mtoeni shambani, abadilishe nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni, anywe maji. Asipopata nafuu aende hospitali.

MWILI WA KIJANA SI WA MTU MZIMA MDOGO

Wazee wetu watasema, "sisi tulilima tukiwa na miaka 10 na hatukufa." Kweli tulilima. Lakini jembe halizunguki kwa umeme, na ukichoka unaliweka chini. Mashine haijui kuwa umechoka. Zaidi ya hapo, hata nyumbani sheria inakataza. Tanzania na Kenya zote zinazuia mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, umeridhiwa na nchi zote wanachama wa shirika hilo. Kwa hiyo si mambo ya kizungu.

Sababu za kiafya ni hizi:

Mifupa. Karibu na ncha za mifupa ya kijana kuna sehemu laini ambazo bado zinakua. Mzigo mzito wa kila siku au jeraha hapo vinaweza kuharibu ukuaji wa mfupa.

Vifaa. Glavu, miwani ya kinga na mashine nyingi vimetengenezwa kwa kipimo cha mtu mzima. Glavu iliyo kubwa inanaswa na mashine, kisha inavuta mkono.

Mapafu na ngozi. Klorini ikichanganywa na amonia au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu. Mwenye pumu anaumia haraka zaidi. Vumbi la unga, mbao na hewa ya baridi kali navyo vinaamsha pumu.

Siko seli. Huu ugonjwa tunao sana katika jamii yetu. Baridi kali, kukosa maji na kuchoka kupita kiasi vinaleta maumivu makali ya mifupa na vinaweza kumlaza kijana hospitali. Mtoto mwenye siko seli asifanye kazi kwenye vyumba vya baridi wala kwenye joto kali bila kuongea kwanza na daktari wake, hata akishafika miaka 18.

Masikio. Kama kazini inabidi upige kelele ndipo mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo inaharibu masikio. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.

Usingizi. Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayefanya kazi mpaka alfajiri kisha akaenda shule analala darasani, anasahau, anakasirika ovyo, na siku moja anaweka mkono pasipotakiwa.

Malezi. Hili halimo kwenye vitabu vya udaktari, lakini nimeliona. Tumewalea watoto wetu wasimjibu mkubwa. Ni malezi mema. Lakini kazini kijana huyo anaambiwa na meneja "ingia hapo utoe boksi lililokwama" naye anaingia, kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu. Mfundishe mwanao kuwa kukataa hatari si kukosa heshima. Mfundishe sentensi moja aseme kwa Kiingereza chake bila kuogopa: "Nina miaka 16, sheria hainiruhusu kutumia mashine hii. Nipe kazi nyingine."

MAKARATASI NA UMRI

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wanaliongea kwa kunong'ona.

Kwanza, kibali cha kazi cha uhamiaji si kibali cha umri. Mtoto wa mkimbizi wa miaka 15 anaweza kuwa na kadi halali inayomruhusu kufanya kazi Marekani. Kadi hiyo haimruhusu kuingia kiwanda cha nyama. Ni mambo mawili tofauti.

Pili, wengi waliopitia kambini wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari. Wengine umri ulikosewa, mtoto wa miaka 15 akaandikwa 18. Karatasi ikisema 18 lakini wewe mama unajua ulimzaa lini, usitumie kosa la karatasi kumpeleka kwenye mashine. Mifupa haisomi karatasi. Ukitaka kurekebisha tarehe, tafuta ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, si wa rafiki wa rafiki.

Tatu, kuazima kitambulisho cha ndugu au kununua cha bandia. Nitaongea kama nesi. Kijana akiumia na kuletwa hospitali kwa jina la mtu mwingine, tunafungua faili la mtu mwingine. Faili linasema hana mzio wa penisilini, kumbe anao. Linasema ana miaka 24, kumbe ana 15. Linasema amechanjwa pepopunda, kumbe bado. Damu tutaipima upya kabla ya kumwongezea, lakini hayo mengine tunategemea maneno yenu. Kwa hiyo hata kama mmekosea kazini, hospitalini semeni ukweli: jina lake, umri wake, magonjwa yake, mzio wake. Na tusidanganyane, mzazi anayemtafutia mtoto makaratasi ya uongo anaweza kuingia matatani kwa sheria nyingine kabisa.

AKIUMIA, FANYA HAYA

Damu nyingi: bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, usiachie, piga 911.

Kidole kimekatika: kisuuze taratibu, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha weka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Usikiweke moja kwa moja juu ya barafu. Nenda nacho hospitali.

Dawa kali kwenye ngozi au macho: kama ni unga, upanguse kwanza. Vua nguo zilizoingia dawa. Mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai! Kituo cha sumu kinapatikana saa 24 kwa namba 1-800-222-1222, bure, na wana wakalimani. Jaribu kupata jina la dawa iliyotumika.

Joto kali: kijana akianza kuchanganyikiwa, kuanguka au kuzimia, hiyo ni dharura. Piga 911, mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi na kumpepea.

Haki zenu hospitalini: chumba cha dharura kinatakiwa kumpima na kumtuliza kila mgonjwa wa dharura bila kujali pesa wala makaratasi. Ndivyo sheria ya mwaka 1986 inavyosema. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Msimtumie mtoto aliyeumia kuwatafsiria.

Mwambieni daktari wazi kuwa ameumia kazini, iandikwe kwenye faili. Majimbo karibu yote yanadai mwajiri awe na bima ya wanaoumia kazini. Kijana aliyeajiriwa kinyume cha sheria hapotezi haki kwa sababu ya umri wake. Baadhi ya majimbo, kama New York na New Jersey, yanaongeza fidia mara mbili. Bosi akileta karatasi ya kusaini wodini, msisaini kabla ya kusomewa kwa lugha mnayoielewa. Piga picha za jeraha, tunza nguo na hati za mshahara, andika majina ya walioshuhudia.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Je, nikiripoti, mtoto wangu atashtakiwa? Adhabu za sheria hii ya ajira za watoto zinamwangukia mwajiri, si mtoto. Idara ya mishahara na saa za kazi ya Wizara ya Kazi inapokea simu kwa 1-866-487-9243. Mazungumzo ni ya siri na mkalimani anapatikana. Mahali pakiwa pa hatari, idara ya usalama kazini ni 1-800-321-6742.

Sina makaratasi, je? Sheria ya viwango vya kazi inamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji. Lakini ninaelewa woga. Kama unaogopa, ongea kwanza na mwanasheria wa msaada wa kisheria au shirika la wakimbizi lililokupokea, halafu wao wakusaidie kupiga simu.

Bosi akimfukuza kwa kukataa mashine? Kumlipizia kisasi mfanyakazi aliyelalamika juu ya haki zake ni kosa. Andikeni tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha piga namba hizo hapo juu.

Ajensi ndiyo iliyomwajiri, si kiwanda. Nani anawajibika? Inaweza kuwa wote wawili. Usikubali kuzungushwa kati ya ofisi moja na nyingine.

Basi mtoto afanye kazi gani? Zipo! Wa miaka 14 na 15 anaweza kuwa mhudumu wa kaunta, kupanga bidhaa dukani, kufungasha vitu vya wateja, kufanya kazi maktaba au ofisini, kufundisha wadogo masomo. Wa miaka 15 aliyepata cheti anaweza kuwa mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea. Wa miaka 16 na 17 wana nafasi nyingi mahotelini, madukani, mapokezi, na kambi za watoto za kiangazi. Miji mingi ina mipango ya ajira za vijana wakati wa likizo, na mshauri wa shule anaijua. Mshahara unaweza kuwa mdogo kuliko wa kiwandani, lakini kijana atamaliza shule na vidole 10.

JIONI YA LEO

Ukimaliza kusoma, usifunge tu ukaenda kulala. Kaa na mwanao, muulize kwa upole, si kama polisi: Unatumia mashine gani? Unashika dawa gani? Unamaliza saa ngapi? Nani anakusimamia? Umewahi kuumia ukatuficha? Swali hili la mwisho usiliache. Vijana wetu wanaficha majeraha kwa sababu wanajua tunaitegemea ile cheki. Mwambie kwa mdomo wako kuwa mkono wake una thamani kuliko kodi ya mwezi huu. Asipolisikia kwako, hakuna atakayemwambia.

Kisha wapelekeeni wenzenu habari hii kanisani, msikitini, kwenye vikundi vya akina mama na kwenye misiba tunapokutana. Nanyi vijana wenyewe mnaosoma, someni pamoja na wenzenu wa kazini.

Haya niliyoandika ni elimu ya jumla. Kama una shauri maalumu, muone daktari wako au mwanasheria. Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Tukutane tena kwenye safu yetu.

Ni mimi, muuguzi wenu.